Mapenzi ya mahali na yapimwe

Tangu watafiti Daniel Williams na Joseph Roggenbuck walipoanza, mwaka 1989, kupima kwa maswali jinsi watu wanavyoshikamana na maeneo ya mapumziko ya nje, lawama haijabadilika: hisia hazipimwi kwa dodoso. Ziwa alikofunzwa mtu kuogelea na marehemu baba yake, utalipimaje kwa alama kuanzia moja hadi tano?

Lawama hiyo ina uzito, lakini inasahau kilichogunduliwa kwa alama hizohizo. Dodoso hutenganisha mambo mawili: utegemezi, yaani mahali panamfaa mtu kwa shughuli yake kuliko pengine, na utambulisho, yaani mtu anapaona kuwa sehemu ya nafsi yake. Mwaka 2004 Gerard Kyle na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wapanda milima wa Appalachian Trail, njia ya miguu yenye zaidi ya kilomita 3,500 kutoka jimbo la Georgia hadi la Maine nchini Marekani. Kadiri utambulisho ulivyopanda, ndivyo watu walivyozidi kuona matatizo njiani. Kadiri utegemezi ulivyopanda, ndivyo walivyopunguza kuyaona.

Matokeo haya hayapaswi kupitwa haraka. Chukua watu wawili wanaofika kila msimu, mabegi mgongoni, wote wakisema wanapapenda. Mmoja anachotaka ni mwinuko wa kumtoa jasho. Makundi yakiongezeka, hupisha akaendelea. Mwingine akikuta njia imemomonyoka na karatasi zimezagaa penye chemchemi, huumia kama aliyevunjiwa heshima. Anayehesabu vichwa getini atawaona ni wamoja. Tena huyu wa pili, kwa kulalamika sana, ndiye atakayeitwa msumbufu na kuelekezwa msitu mwingine unaofanana na huo. Ni alama za dodoso zilizoonyesha kwamba manung'uniko yake yanatokana na mapenzi. Nani mwingine angemtetea mbele ya kamati ya bajeti?

Wakosoaji wana hoja mbili nisizoweza kuzipuuza. Kwanza, alama zinazolingana huweza kuficha maana zisizolingana. Richard Stedman, aliyechunguza maeneo ya maziwa huko Wisconsin, jimbo jingine la Marekani, alikuta wenye nyumba za msimu wakishikamana na mazingira na utulivu, ilhali kwa wakazi wa kudumu ujirani ndio uliobeba uzito. Hapo mahojiano marefu hayana mbadala. Pili, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi, dodoso hugawiwa waliopo. Aliyeshindwa na msongamano akaacha kuja hana pa kuweka alama yake.

Lakini hilo ni kosa la namna ya kugawa, na linarekebishika. Williams na Jerry Vaske walionyesha mwaka 2003 kwamba maswali manne kwa kila upande, wa utegemezi na wa utambulisho, yanatosha. Kabla njia haijafungwa au kupanuliwa, maswali hayo manane yatumwe pia kwa walioandikishwa miaka ya nyuma ambao hawaonekani tena, na waulizwe kilichowaondoa.