Somo la Kuridhika Lililonasa Mlangoni

Zamu ya sala za jumuiya ilipofika nyumbani kwangu, mwinjilisti alinikabidhi na somo kabisa: kuridhika. Timotheo wa Kwanza, sura ya 6, kuanzia mstari wa 6. Usiku nikapiga magoti, nikaomba Roho aniongoze. Asubuhi nikaamka na wazo la kununua makochi.

Mnielewe jamani. Kwangu palikuwa na benchi la mbao, mkeka, na viti vinne vya plastiki, kimoja kina ufa, ukikaa vibaya kinakufinya. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumesali kwa mama mmoja wa kule bondeni, ana makochi unazama mpaka unasahau kuitikia amina. Nikajiuliza, watu watapokeaje neno la kuridhika huku wanafinywa?

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kalenda yetu ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika na sisi sokoni tunafukuza nzi. Mwenye akili hela ya giza anaitunza mpaka giza lingine. Mimi giza lilikuwa limetoka kuisha, nina laki saba za mtaji kwenye kopo la unga.

Makochi yalikuwa laki tisa. Muuzaji akasema, "Mama, kwako wewe laki nane na nusu. Weka laki sita, nyingine utaleta kidogo kidogo." Rangi ya maziwa! Nina watoto watatu na kuku, nikachagua rangi ya maziwa. Hapo ndipo ningejua kwamba sauti niliyokuwa naisikia siyo ya Roho.

Wanaoijua Igogo wanajua nyumba zetu zimepanda mlimani katikati ya mawe, na jiwe halimpishi mtu. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliishia chini barabarani. Dereva akatazama juu, akatazama mzigo, akaniambia "pole mama" kwa sauti ya msibani. Nikachukua vijana wanne, elfu kumi kila mmoja. Walipofika kwenye jiwe la pili wakalitua lile kochi kubwa, wakalikalia, wakaomba nyongeza. Utabishanaje na mtu aliyekalia mali yako? Nikaongeza.

Bibi jirani alikuwa anaanika mihogo yake juu ya jiwe. "Mayu, mmefiwa?" Simlaumu. Pale mlimani kitu kirefu kinachobebwa na wanaume wanne ni kimoja tu, japo huwa kinashuka.

Yale madogo mawili yaliingia bila shida. La watu watatu likaingia nusu. Mimi niko ndani naelekeza, "Inua! Kushoto! Kushoto kwangu, siyo kwenu!" Wakasukuma, fremu ikalia. Wakavuta, mguu wa kochi ukashika komeo. Wakasema wanakwenda kumleta fundi. Waliondoka na hela yao, na mpaka leo nadhani bado wanamtafuta.

Mlango ni huo huo mmoja. Madirisha yana nondo, niliziweka mwenyewe ili mwizi asiingie. Nilipoagiza nondo sikuwa nimefikiria upande wa kutoka.

Saa kumi na moja baba watoto akarudi. Akasimama mbele ya mlango.

"Hiki ni nini?"

"Kochi."

"Kochi naliona. La nani?"

Nikatafuta jibu. "La Bwana."

"Haya, Bwana atalitoa," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi.

Maana benchi nililitoa nje tangu asubuhi, na mkeka, na vile viti, nikiona aibu wageni wavikute ndani. Wageni walipofika wakavikalia vyote hapo hapo uwanjani, ziwa liko mbele yao, jua linazama, upepo mzuri, hakuna aliyelalamika kufinywa. Mimi nimebaki ndani na makochi mawili mapya, peke yangu, natoa kichwa juu ya mto wa kochi kama kuku kwenye tenga.

Mwinjilisti, mtu wa Mungu kweli, alianza bila kucheka. "Wapendwa, Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, alikuwa kifungoni. Leo dada yetu ameamua kutuonyesha."

Nikafundisha. Mngefanyaje? Utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa, nikaufafanua vizuri tu, jasho linanitoka. Kisha binti yangu mkubwa akasoma mstari wa 7: "Kwa maana hatukuja na kitu duniani, tena hatuwezi kutoka na kitu."

Kimya. Mzee wa kanisa akakohoa. Nikaona mabega yake yanacheza. Ndipo yule wangu wa mwisho, wa miaka sita, akauliza kwa sauti, "Mbona mama hata bila kitu hawezi kutoka?"

Mlima mzima ulicheka. Watu wa nyumba za juu walikuwa wamejipanga kwenye mawe yao muda mrefu, kumbe nilikuwa nafundisha mkutano wa hadhara.

Fundi alipatikana saa mbili usiku. Aking'oa fremu ni elfu arobaini, kuirudisha ni elfu arobaini nyingine. Dukani hawakutaka hata kunisikia. Lile kubwa nililiuza laki mbili na nusu kwa yule mama wa bondeni, tena kwa kumbembeleza. Giza liliporudi, wenzangu wakanunua magunia, mimi nikanunua ndoo mbili, na deni la dukani bado linanipigia simu kila Ijumaa.

Yale madogo yapo. Moja nalifunika kanga. La pili kuku amelitagia, ana mayai tisa, na kila nikisogea ananikodolea macho kama yeye ndiye aliyelilipia.