Mbona wamembabaisha Ruth?

Kuna kipande katika filamu ya On the Basis of Sex kinachonikera kila ninapokirudia. Ruth Bader Ginsburg, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, anayeigizwa na Felicity Jones, amesimama mbele ya majaji watatu wa mahakama ya rufani ya shirikisho mjini Denver. Ni kesi yake kubwa ya kwanza. Anafungua kinywa, maneno yanakwama kooni. Majaji wanamvamia kwa maswali, anayumba, mwishowe anaketi. Halafu, katika dakika chache za kujibu hoja za serikali, anainuka tena na kumwaga hotuba inayowaacha majaji wameduwaa.

Kubabaika huko hakukuwepo. Ginsburg alikuwa hai filamu ilipotoka mwaka 2018, tena alishasoma mswada wake, na alisema wazi kwamba siku ile hakuyumba hivyo. Mwandishi wa mswada, Daniel Stiepleman, ni mpwa wake, kwa hiyo hatuwezi kusema hakuwa na wa kumuuliza. Alijua anachokifanya.

Kabla sijamlaumu, nimpe haki yake. Angeweza kuchagua kesi yenye kishindo mbele ya Mahakama ya Juu, maana Ginsburg alitetea sita huko na kushinda tano. Badala yake akachagua kesi ya kodi. Charles Moritz alikuwa mwanamume ambaye hajawahi kuoa, akiishi na mama yake wa miaka 89. Kazi yake katika kampuni ya uchapishaji ilimtaka asafiri mara kwa mara, hivyo akaajiri mtu wa kumtunza mama, kisha akaomba nafuu ya kodi ya dola 600. Akanyimwa. Sheria ilitoa nafuu hiyo kwa wanawake, kwa wanaume wajane na wataliki, na kwa mume ambaye mkewe hajiwezi. Kapera hakuwemo. Mbele ya Mahakama ya Kodi Moritz alijitetea mwenyewe, bila wakili, na hoja yake ilikuwa nyepesi kama unyoya: ningekuwa binti anayemtunza mama yake ningepata, mimi ni mwana anayemtunza mama yake sikupata, hilo halina mantiki. Akashindwa.

Mumewe Ruth, Martin, wakili wa kodi, ndiye aliyeikuta hukumu hiyo na kumpelekea mkewe aisome. Mke akasema yeye hasomi kesi za kodi. Akaisoma. Hapo ndipo filamu inapofanya kazi ambayo vitabu vingi vya sheria vinashindwa kuifanya: inatuonyesha kwa nini mwanamke anayepigania wanawake amtetee mwanamume. Jaji wa miaka ile alikuwa amezoea kuamini kwamba sheria zinazombagua mwanamke zinamlinda. Ukimletea mwanamume anayeadhibiwa kwa kumtunza mama yake, ulinzi huo unageuka kichekesho mbele ya macho yake, na kanuni ikishavunjwa kwa ajili ya Moritz imevunjwa kwa wote. Filamu ya kibiashara kuishikilia hoja hiyo kwa saa mbili si jambo dogo. Stiepleman amesimulia pia kwamba kulikuwa na wenye fedha waliotaka Martin awe mume mkorofi kidogo, ikiwezekana atishie talaka. Alikataa. Mume anayepika jikoni huku mkewe akiandika hoja amebaki kama alivyokuwa.

Sasa basi, aliyekataa kumharibu Martin kwa nini alikubali kumbabaisha Ruth? Jibu la watetezi ni la ufundi: hadithi bila anguko haina mwinuko, na mtu anayejiandaa miezi kadhaa kisha akafanya vizuri hana mvuto kwenye skrini. Sawa. Kwa mantiki hiyo hiyo naweza kuvumilia mengine. Kiambatisho maarufu, kwa mfano, ile orodha ya mamia ya sheria zilizotofautisha wanawake na wanaume, iliyochapwa kwa kompyuta ya Wizara ya Ulinzi, kwenye filamu kinaletwa kabla ya kesi kusikilizwa, kama tishio. Ukweli ni kwamba serikali ilikitoa baada ya kushindwa Novemba 1972, ilipokuwa ikiiomba Mahakama ya Juu iitengue hukumu, na bila kukusudia ikampa Ginsburg ramani ya sheria za kuzishambulia mojamoja. Kuvuta tarehe nyuma hakumbadilishi mtu. (Lile la Ruth kumjibu jaji anayesema neno “mwanamke” halimo kwenye Katiba ya Marekani, kwamba neno “uhuru” nalo halimo, ni aibu ndogo, maana limo kwenye marekebisho ya kwanza kabisa, ya 1791. Wanafunzi wa sheria walilicheka tangu kwenye trela.)

Kubabaika ni kitu kingine, na kinachonithibitishia ni kile chakula cha jioni. Mwaka 1956 Ginsburg aliingia kitivo cha sheria cha Harvard, mmoja wa wanawake tisa katika darasa la watu kama mia tano. Mkuu wa kitivo, Erwin Griswold, aliwaalika nyumbani kwake akamuuliza kila mmoja kwa nini anakalia nafasi ambayo angeipata mwanamume. Ginsburg alivyosimulia baadaye, aliposimama kisahani cha majivu ya sigara kilimwagika kutoka mapajani, akajibu kwa haya kwamba anataka kuielewa kazi ya mumewe. Kwenye filamu jibu hilo hilo linatoka kama kijembe.

Yaani pale alipobabaika kweli, wamempa ulimi mkali. Pale alipokuwa imara, wamemnyang'anya. Msichana wa miaka 23 aliyeona haya nyumbani kwa mkuu wake, akafika Denver na maandalizi ya kutosha kutotikisika, ana mwinuko tayari. Hakukuwa na haja ya kuutengeneza mwingine.

Tena ule mwinuko wa kubuni una gharama: unamfanya mtu mmoja atoe kila kitu kifuani mwake papo kwa papo. Hoja ya kulinganisha ubaguzi wa jinsia na ule wa rangi ilikuwa imeshasukwa na wengine, hasa Pauli Murray, mwanasheria Mweusi, katika makala aliyoiandika na Mary Eastwood mwaka 1965. Ginsburg hakulificha hilo. Katika hoja za maandishi za Reed dhidi ya Reed, kesi ya ubaguzi wa jinsia ya mwaka 1971, aliyaweka majina ya Murray na mwanasheria mwingine, Dorothy Kenyon, kwenye jalada, ingawa hawakuziandika. Kwenye filamu Murray yumo katika kikao cha mazoezi, anauliza maswali mawili matatu, kisha kamera inahama.