Figo na mishipa midogo ya ubongo: nani anamwumiza nani?

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo akipigwa picha ya MRI ya kichwa, mara nyingi huonekana mabaka meupe, makovu ya viharusi vidogo ambavyo pengine hakuvihisi, na nukta za damu iliyovuja. Dalili hizi hujitokeza kwake zaidi kuliko kwa watu wa rika lake wenye figo nzima. Ubishi uko kwenye chanzo.

Wapo wanaosema viungo hivi viwili vinapigwa na adui mmoja. Figo peke yake huchukua karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, ubongo nao haupumziki kupokea damu, na kote kuwili kuna vimishipa vyembamba vinavyochipuka karibu na mishipa mikubwa, hivyo presha ikipanda huvifikia ingali na nguvu zake. Utafiti wa SPRINT wa Marekani, ambao haukuwahusisha wagonjwa wa kisukari, uliwapa uzito: mwaka 2019 ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha chini ya 120, badala ya 140, kulipunguza kasi ya mabaka hayo kuongezeka.

Wengine hujibu kwamba figo mbovu zenyewe huumiza ubongo, kwani hata umri, presha na kisukari vikizingatiwa kwenye hesabu, uhusiano hupungua lakini mara nyingi haufutiki. Jibu hilo pekee halinitoshelezi, kwa sababu presha iliyopimwa siku ya utafiti haisimulii miaka ishirini ya presha isiyotibiwa. Kinachonishawishi zaidi ni mashine ya kusafisha damu. Presha ya mgonjwa hushuka akiwa kwenye mashine na damu inayofika kichwani hupungua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 nchini Uingereza lilionyesha kwamba waliosafishwa damu kwa maji ya mashine yaliyopoa nusu nyuzi chini ya joto la mwili walilindwa sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyuzi zinazounganisha sehemu zake, kwa mwaka mzima, tofauti na wenzao wa nyuzi 37. Hapo kilichobadilishwa ni namna ya kutibu figo, na ubongo ukafaidika.

Kwa hiyo kijiti cha kupimia mkojo kinapogeuka kutoka njano kuwa kijani, ishara ya protini, daktari asiishie kuagiza kipimo cha kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Amwulize mgonjwa, na aliyemsindikiza, kuhusu kumbukumbu na mwendo wake. Huyu tunayemgombeza kliniki kwamba ni mkaidi, hamezi dawa zake, huenda anazisahau kweli.