Saa ya nyasi na saa ya maji

Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayosimamia uchimbaji wa makaa ya mawe ina hesabu moja inayonikera kila ninapoirudia. Kampuni ikishafukia shimo, ikasawazisha ardhi na kupanda mbegu, inabaki na wajibu juu ya eneo hilo kwa miaka 5, ikihesabiwa baada ya mwaka wa mwisho wa kupanda, kuweka mbolea au kumwagilia. Mahali penye mvua isiyozidi inchi 26 kwa mwaka, yaani kama milimita 660, miaka hiyo ni 10. Ikitimia, na uoto ukakubalika kwa wakaguzi, kampuni inaweza kuomba salio la dhamana yake, yaani fedha iliyoweka kabla ya kuchimba kuhakikisha ardhi itarejeshwa, na kuondoka.

Kwa shimo lililofukiwa kwa udongo na mawe tu, sina ugomvi mkubwa na hesabu hiyo. Lakini yako mashimo yaliyojazwa majivu ya makaa yaliyochomwa kwenye mitambo ya umeme. Mtambo wa umeme wa San Juan, New Mexico, uliozimwa mwaka 2022, ulikuwa ukirudisha majivu yake kwenye mashimo ya mgodi wa jirani uliokuwa ukiulisha makaa. Majivu hayohayo yakilazwa kwenye dampo la mtambo, kanuni ya mwaka 2015 ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira humtaka mwenye dampo aendelee kupima maji ya chini ya ardhi kwa miaka 30 baada ya kulifunga. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya bwawa la majivu la Kingston, Tennessee, kupasuka Desemba 2008 na kumwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 4. Ila mashimo ya migodi ya makaa iliyaacha nje. Miaka 30 huku, 5 au 10 kule. Aseniki, seleniamu na boroni, kemikali zilizomo kwenye majivu na zinazoweza kuchafua maji, hazijui zimezikwa chini ya sheria ipi.

Wanaotetea kufukia majivu migodini si watu wa kupuuzwa. Shimo linahitaji kujazwa, na majivu yanahitaji pa kwenda. Kuyarudisha kunaepusha kuchimba dampo jipya kwenye ardhi isiyoguswa. Huko Pennsylvania hoja yao ina nguvu zaidi. Milima ya mabaki ya makaa iliyoachwa na wachimbaji wa zamani inachomwa pamoja na mawe ya chokaa, na majivu yanayotoka, kwa kuwa yana chokaa, hupunguza ukali wa asidi inayovuja kwenye migodi iliyotelekezwa. Mwaka 2006 Baraza la Taifa la Utafiti liliona kwamba kufukia majivu migodini ni njia inayofaa. Wapinzani wengi hupenda kuruka sentensi hiyo. Watetezi nao huruka inayofuata: inafaa iwapo majivu yatachunguzwa kabla ya kufukiwa, eneo litaeleweka, na maji yatafuatiliwa ipasavyo baadaye. Baraza hilohilo lilikuta visima vya upimaji mara nyingi ni vichache mno na muda wa kupima ni mfupi mno.

Hapo kwenye muda ndipo wakazi wanaodai upimaji mrefu wanapoeleweka vibaya. Huambiwa wanachelewesha kazi, au wanachukia makaa na wanatafuta kisingizio. Wanachosema ni jambo la kawaida kabisa la maji. Mgodi unapofanya kazi, maji hupigwa pampu ili wachimbaji wafike kwenye makaa, kwa hiyo kina cha maji hushuka eneo zima. Pampu zikizimwa, maji huanza kurudi taratibu, na mahali pengine huchukua makumi ya miaka kufikia kimo chake cha zamani. Mpaka yafike kwenye majivu, kisima cha upimaji kinaweza kuwa kikavu, au kikatoa maji ambayo hayajawahi kukutana na majivu. Kisima hicho kitaandikwa “salama” mwaka baada ya mwaka, na karatasi itakuwa inasema kweli.

Hata baada ya kukutana, safari bado. Tuseme maji yanatembea mita 5 kwa mwaka na kisima kiko mita 200 kutoka kwenye shimo. Boroni, ambayo husafiri na maji bila kushikwa sana na udongo na ndiyo maana hutumika kama dalili ya mwanzo, itahitaji miaka 40 kufika. Dhamana ilisharudishwa zamani.

Kinaya kikubwa kiko kwenye ile inchi 26. Sehemu kame zimepewa miaka 10 badala ya 5 kwa sababu nyasi hukawia kushika pasipo mvua. Lakini ukame huohuo hukawiza maji kurudi, kwa hiyo miaka 10 ya jangwani inaweza kutueleza machache kuhusu majivu kuliko miaka 5 ya mahali penye mvua. Sheria ilipanga saa yake kwa nyasi.

Kampuni hujibu kwamba kabla ya dhamana kurudishwa, wakaguzi hutakiwa kutathmini kama kuna uchafuzi wa maji, uwezekano wa kuendelea kwake na gharama ya kuudhibiti. Ni kweli, na ni kifungu kizuri. Lakini mkaguzi anatathmini kwa takwimu za visima vilevile. Hujibu pia kwamba fedha zikifungiwa kwa miaka 30 hakuna atakayeona faida ya kurejesha ardhi haraka. Hoja hii naiheshimu zaidi. Kwa bahati nzuri, dhamana tayari hutolewa kwa awamu: hadi asilimia 60 huweza kuachiliwa shimo likishafukiwa na kusawazishwa. Basi ziachiliwe pia fedha za udongo na za uoto, kwa wakati wake. Kibaki kiasi cha kugharimia visima na watu wa kuvipima, na kiendelee kushikiliwa hadi maji yafikie majivu na kuyapita kwa miaka kadhaa. Penye majivu yaliyolazwa juu kabisa ya kimo ambacho maji yatarudi, kampuni iruhusiwe kuthibitisha hivyo mapema na ichukue fedha zake.

Na visima vyenyewe vichimbwe upande ambao maji yanaelekea, karibu na majivu, si kwenye mpaka wa eneo la kibali cha mgodi kilomita moja mbele.