Ukoo wa walowezi wa Marekani usianzie kwenye mkokoteni

Mimi nasoma sana historia za koo za walowezi wa Marekani, wale waliohamia magharibi kuanzia miaka ya 1840 hivi mpaka 1880 na kitu, na kuna jambo moja linanikera kweli. Karibu kila ukoo unasimuliwa vilevile, babu alipakia familia kwenye mkokoteni wa maksai, akatoka Missouri, akavuka nyika na milima, akafika, akakata miti, akajenga nyumba ya magogo, akalima, basi, ardhi ikawa yake na sisi ndo wajukuu. Hamna anayeuliza mbegu ya mwaka wa kwanza alipewa na nani. Hamna anayeuliza ni sheria gani ilisema huyu achukue shamba na yule asichukue, wala kabla yake hapo alikuwa anaishi nani. Kwangu mimi hayo maswali matatu ndo historia ya ukoo yenyewe, majina na tarehe za kuzaliwa mtu yeyote anaweza kuzinakili kwenye sensa.

Chukua familia moja tu, ya mzee George Bush (msimchanganye na wale marais). Alizaliwa Pennsylvania mwishoni mwa karne ya 18, baba mwenye asili ya Afrika, mama Mwairishi, na alikuwa mtu huru. Akaja kuishi Missouri, akalima, akafuga ng'ombe, akamuoa Isabella James, mzungu mwenye asili ya Kijerumani, wakapata watoto wa kiume, na mambo yao kifedha yalikuwa mazuri. Lakini Missouri ilikuwa jimbo la utumwa, mtu mweusi huru alibanwa kila upande hata awe na mali kiasi gani. Mwaka 1844 wakaondoka kwenda Oregon, magharibi kabisa, na watoto watano, pamoja na familia nyingine nne za wazungu, ya Michael Simmons, ya James McAllister, ya Gabriel Jones na ya David Kindred, na inasimuliwa kwamba baadhi ya hao wenzake wasingeweza kusafiri kama Bush asingewasaidia kwa hela na vifaa.

Sasa ona kilichotokea. Wao wakiwa bado njiani, Juni 1844, serikali ya muda ya walowezi kule Oregon ikapitisha sheria kwamba watu weusi hawatakiwi kukaa, wanaume wapewe miaka 2 waondoke, wanawake miaka 3, na atakayegoma achapwe viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39, na arudiwe tena kila miezi 6 mpaka aondoke. Viboko vyenyewe viliondolewa kwenye sheria kabla havijamfikia mtu, ila ujumbe ulishafika. Kijana mmoja aliyesafiri kwenye msafara huohuo, John Minto, alikuja kuandika kwamba Bush alimwambia njiani kuwa akikosa haki za mtu huru huko Oregon basi ataenda kujiweka chini ya serikali ya Meksiko. Fikiria mtu amebeba mke na watoto watano, miezi na miezi barabarani, na hajui kama atakapofika ataruhusiwa kushuka.

Wakafika, wakapitisha msimu wa baridi karibu na mto Columbia, na 1845 ikabidi waamue. Ardhi nzuri ambayo kila mtu alikuwa anaikimbilia ilikuwa bonde la Willamette, kusini. Simmons, McAllister na wenzao wangeweza kwenda huko bila shida yoyote, walikuwa wazungu. Hawakwenda. Walipanda na Bush kaskazini mpaka ghuba ya Puget Sound, sehemu ambayo kampuni ya Kiingereza ya Hudson's Bay Company ndo ilikuwa na nguvu na ile sheria ya Oregon haikuwa na mtu wa kuisimamia. Wakatua kwenye maporomoko ambapo leo ni mji wa Tumwater, na shamba la Bush likaja kuitwa Bush Prairie, wale ndugu zetu mnaoishi Tacoma na Olympia mnapita hapo, uwanja wa ndege wa Olympia uko palepale. Simmons anatajwa mpaka leo kama kiongozi wa walowezi wa kwanza wa Kimarekani Puget Sound. Sawa, lakini kilichowapeleka huko kwa sehemu kubwa ni rangi ya rafiki yao, na mwenye kuandika ukoo wa Simmons akaliacha hilo ameacha uti wa mgongo wa stori yake.

Halafu kuna suala la kula, ambalo ndo nalipenda zaidi. Msimu ule wa kwanza hawakuwa na mavuno, watu wanafika mwezi wa 11 na mvua za kule, utavuna nini? Ngano, njegere na viazi vilitoka ngome ya Fort Nisqually ya wale Waingereza, kwa mkopo. Na watu wa kabila la Nisqually wakawaonyesha pa kupata chaza na kome, jinsi ya kuvua samoni, nini cha kuchuma na wakati gani. Bila hivyo sidhani kama tungekuwa na ukoo wowote wa kuuzungumzia. Baadaye ikawa zamu ya Bush mwenyewe: 1852 walowezi wapya walimiminika, chakula kikawa haba, wafanyabiashara wakaja na hela nzuri wanataka kununua ngano yake yote, akakataa. Akawagawia wageni wenye njaa, wengine akawakopesha mbegu, watalipa wakiweza. Ezra Meeker, mlowezi wa enzi hizo aliyeandika sana kuhusu njia ya Oregon, aliliweka hilo kwenye maandishi, ndo maana linajulikana. Ni wangapi walifanya hivyo na hawakupata wa kuwaandikia?

Tukirudi kwenye sheria. 1846 Marekani na Uingereza wakakubaliana mpaka, na Puget Sound ikaangukia Marekani, kwa hiyo sheria alizozikimbia Bush zikamfuata mpaka mlangoni. 1850 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kugawa ardhi Oregon, mume na mke walioshakaa pale wanapata ekari 640, na nusu inaandikwa kwa jina la mke kabisa, kitu ambacho enzi hizo hakikuwa cha kawaida. Lakini wanufaika ni wazungu, na wale waliozaliwa na mzazi mzungu na mzazi mwenyeji wa asili. Mtu mweusi hayumo. Mzee ameshalima miaka mitano, amejenga, amechangia mpaka kinu cha kusagia nafaka, analisha majirani, na kwa karatasi ni mvamizi kwenye shamba lake.

Wale majirani hawakunyamaza. Eneo la Washington, ambako ndo iko Puget Sound, lilipotengwa na Oregon likapata bunge lake, wabunge wakaandika maombi kwenda Congress, yaani Bunge la Marekani, kwamba huyu mzee na mkewe wathibitishiwe ardhi yao, na Februari 1855 Congress ikapitisha sheria maalum kwa ajili yake, ekari 640. Nafurahi kila nikisoma hapo na pia naumia, maana hawakuomba sheria ibadilishwe, waliomba mtu mmoja aruhusiwe. Watu weusi wengine waliendelea kuzuiwa, na Bush mwenyewe alikufa 1863 hajawahi kuruhusiwa kupiga kura.

Na hapa ndo nataka watu wasimame kidogo. Kipupwe kilekile ambacho Congress ilikuwa inampa Bush hati, gavana wa eneo la Washington, Isaac Stevens, alikuwa amewakusanya Nisqually na majirani zao mahali panapoitwa Medicine Creek, Desemba 26, 1854, wakasainishwa mkataba wa kutoa zaidi ya ekari milioni 2 wabaki na vipande vidogo, Nisqually wakapangiwa ekari 1,280 juu kwenye mwinuko wenye mawe na msitu, mbali na mto wanaotegemea kwa samaki. Mkataba ukaidhinishwa Washington D.C. Machi 1855, mwezi mmoja hivi baada ya ile hati ya Bush. Watu walewale waliowaonyesha kina Bush pa kuokota kome! Mkuu wao Leschi akagoma, vita vikaanza mwaka huohuo, na mmoja wa watu wa kwanza kuuawa, Oktoba 1855, alikuwa James McAllister, yuleyule wa ule msafara wa 1844, aliyekuwa ametoka na wanamgambo kumfuata Leschi. Familia ya Bush haikuguswa, na watoto wake hata uzeeni walimkumbuka Leschi kama rafiki. Leschi alinyongwa Februari 1858 kwa kosa la kuua mwanamgambo, na mwaka 2004 jopo maalum la majaji wa Washington likaamua kwamba hakustahili hata kushtakiwa, kwa sababu kama aliua basi ilikuwa vitani.

Familia mbili zimesafiri pamoja, zimekula chungu kimoja mwaka mzima, zimepewa chakula na watu walewale, halafu miaka 10 baadaye moja inamlilia baba aliyeuawa na nyingine inamlilia aliyenyongwa. Huwezi kuandika ukoo wa McAllister vizuri bila Leschi, na huwezi kuandika wa Bush bila Leschi pia. Ndo maana sikubali mtu akiniambia mambo ya mikataba na wenyeji wa asili ni ya vitabu vya siasa, historia ya familia ni mambo ya nyumbani tu. Mambo yapi ya nyumbani, wakati nyumba yenyewe imekaa juu ya huo mkataba?

Mtoto mkubwa wa George Bush, William Owen Bush, ngano yake ilipata tuzo kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya 1876, na 1889 Washington ilipokuwa jimbo kamili akachaguliwa kwenye bunge la kwanza kabisa la jimbo. Baba hakuwa na kura, mtoto anapiga kura bungeni. Hilo wanalisimulia vizuri na wana haki ya kujivunia.

Sio Washington tu. Nenda Kansas, mji wa Nicodemus, ulioanzishwa 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, wengi wao walikuwa watumwa miaka 12 tu nyuma. Mama mmoja, Willianna Hickman, alisimulia kwamba walipofika 1878 wanaume wakapiga kelele kwamba Nicodemus ile pale, yeye akaangalia haoni nyumba, mumewe akamwonyesha moshi unatoka ardhini, watu wanaishi kwenye mashimo waliyochimba, akaanza kulia. Kilio cha yule mama kina thamani kuliko kurasa 10 za ushujaa, kwa sababu ni mtu mwenyewe anasema alivyojisikia. Na wazao wa Nicodemus wanasimulia kwamba kipupwe cha kwanza Wahindi Wekundu wa kabila la Osage waliokuwa wanarudi kuwinda waliwagawia nyama. Wao wameitunza hiyo sehemu, hawakuikata ili babu aonekane alijitegemea, na mpaka leo kila mwaka mwishoni mwa Julai wanarudi kutoka kila kona ya Marekani wanakaa pamoja na kusimuliana.

Kwa wanaofuatilia haya, msiishie kwenye sensa. Kwa watu weusi sensa inakata ghafla, kabla ya 1870 waliokuwa watumwa hawakuandikwa majina, ni umri na jinsia na rangi chini ya jina la mwenye kuwamiliki, na sensa ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921. Mafaili ya ardhi ndo mgodi. Sheria ya Homestead ya 1862 ilitoa ekari 160 kwa anayekaa na kulima miaka 5, na mwisho wa hiyo miaka ilibidi alete mashahidi waseme nyumba ina ukubwa gani, ekari ngapi zimelimwa, familia ina watu wangapi. Mashahidi wenyewe ni majirani. Soma majina yao, wafuate na wao, kwa sababu mara nyingi ndo watu walioshika maisha ya babu yako. Na wanawake wasio na waume, wajane na wasioolewa, waliruhusiwa kudai ardhi kwa majina yao, wapo kibao kwenye hayo mafaili na wajukuu hawajui.

Kuna faili moja huwa nalifikiria sana. Mji wa Centralia, uko Washington hiyohiyo kusini kidogo ya Bush Prairie, ulianzishwa 1875 na mtu mweusi anaitwa George Washington, aliyelelewa na wazungu wawili, James na Anna Cochran, baba yake mzazi alikuwa mtumwa na hao wawili wakamchukua akiwa mtoto mchanga. Alipofika huko na wazazi wake hao miaka ya 1850 hakuruhusiwa kudai ardhi, kwa hiyo mzee Cochran akaidai kwa jina lake, baadaye akamuuzia mwanawe. Ukitafuta jina la Washington kwenye dai la kwanza hulipati, unakuta Cochran, na kama hujui kwamba Cochran ni baba utafunga faili uondoke. Na chini ya Cochran kuna Wachehalis, kabila la wenyeji wa asili wa hapo, ambao walikutana na gavana Stevens mapema 1855 wakaachana bila kusaini mkataba wowote. Hao hawajaisha, wana eneo lao na serikali yao hapohapo mto Chehalis, na anayeandika ukoo wa Cochran au wa Washington angeanza kwa kwenda kuwauliza wao wanakumbuka nini kuhusu ile sehemu.