Kuachia Kamba Angani: Mkono Uko Wapi?

Anayetaka kuruka kwa paraglaida, lile bawa la kitambaa lisilo na fremu, huko Kapchorwa mashariki mwa Uganda anahitaji ukingo wa mlima, upepo unaopanda na moyo wa kukimbia kuelekea mahali ardhi inapoishia. Ukiteremka Teso mambo ni mengine. Kuanzia Kumi hadi Soroti, na kuendelea Serere, nchi ni tambarare na jua ni kali. Hewa moto inayopanda mchana ndiyo hasa rubani wa glaida anayoitafuta, ila hana pa kuanzia. (Mwamba wa Soroti upo, lakini huo ni wa kupigia picha.) Nchi za tambarare huitatua shida hii kwa kamba: winchi, yaani mashine ya kukunja kamba kwenye ngoma, iliyofungwa kwenye gari au kusimikwa ardhini humvuta rubani hadi mita mia kadhaa, kisha yeye huachia kamba na kwenda zake.

Ugomvi wote uko hapo kwenye kuachia. Watu wa mchezo huu wamegawanyika kwa miaka mingi, na sisi tulioko mwanzoni huku Uganda tuna nafasi ya kuchagua kabla hatujazoea vibaya. Kundi la kwanza linasema: weka kifaa rahisi kifuani, rubani avute kishikio kwa mkono. Kikigoma, kuna kiungo dhaifu, yaani kipande cha uzi kilichopimwa kikatike mvuto ukizidi. Hicho nacho kikigoma, kuna kisu cha ndoano kwenye mkanda. Kundi la pili linajibu kwamba mpango huo wote unategemea mkono ambao saa ya hatari haupatikani, kwa hiyo kifaa cha maana ni kile kinachofyatuka bila mkono kuondoka kwenye usukani. Mimi kwenye hang glaida, ile ya bawa lenye fremu ambayo rubani huning'inia chini yake, niko na kundi la pili, kwenye paraglaida niko na la kwanza, na sioni kama najipinga.

Tuanze na hatari yenyewe. Kamba humvuta rubani kuelekea kwenye winchi, na maadamu pua ya glaida imeelekea huko huko, mambo ni shwari. Upepo ukiinua bawa moja, glaida inageuka pembeni lakini kamba bado inavuta kule kule, na sasa mvuto wenyewe unazidisha mwinamo. Aliyewahi kurusha kishada anaijua sura hiyo: kinaegemea upande mmoja, unavuta uzi ukidhani unakinyoosha, nacho kinazidi kuinama hadi kinajipigiza chini. Marubani huiita lokauti. Ikishapita kiwango fulani hakuna misuli itakayoirudisha. Dawa ni moja tu, mvuto uondoke, na karibu na ardhi dawa hiyo ina sekunde chache za kufanya kazi.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ya 1970 glaida zilivutwa nyuma ya mashua kwa kamba iliyofungwa kwenye fremu yenyewe. Rubani wa hang glaida huongoza kwa kusogeza mwili wake chini ya bawa, kwa hiyo kamba iliyoshika fremu ilikuwa inashindana naye moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Donnell Hewett alieneza wazo la kufungia kamba karibu na kitovu cha uzito, mvuto umshike rubani mwenyewe na si fremu peke yake, ili kamba imsaidie kuegemea upande unaofaa. Mafunzo mengi ya kuvuta leo yamejengwa juu ya wazo hilo. Lokauti ilipungua makali, haikuisha.

Sasa mtazame rubani wa hang glaida anayevutwa. Amelala kifudifudi, mikono yote miwili imeshika bomba la chini la fremu, na ameivuta fremu kwake ili asipoteze kasi. Bawa la kushoto linashuka. Anausogeza mwili wote kulia kwa nguvu. Akiondoa mkono mmoja ili atafute kishikio, mwili unarudi katikati, bomba linasukumwa na mkono uliobaki peke yake, na glaida inainama zaidi kwa sekunde ile ile aliyoihitaji. Ndiyo maana wengi hawaondoi mkono. Wanapigana na usukani hadi mwisho wakitumaini glaida itanyooka, huku kifaa cha kuachia kikiwa kizima kabisa.

Ukivikagua vifaa vyenyewe, kasoro inaonekana kwa macho. Kilichozoeleka ni wenzo wa breki ya baiskeli uliofungwa kwenye fremu, waya wake ukipanda hadi kwenye mkuku wa glaida, bomba la katikati ya bawa, ambako imeshikwa ncha ya juu ya hatamu, kamba fupi inayounganisha glaida na rubani na kamba ya winchi. Fundi yeyote wa boda boda ataelewa mashine hiyo kwa kuitazama mara moja. Lakini mara nyingi wenzo huwekwa kwenye bomba la pembeni, kwa kuwa hapo ndipo pepesi kuufunga, wakati mikono iko bomba la chini. Kifaa cha pili, kinachokaa karibu na kidevu, ni mrija mdogo unaoteleza juu ya pini. Ukiurudisha nyuma, pini inaachia kitanzi. Pini iliyopinda huelekea kukaba mvuto unapopanda. Iliyonyooka huteleza vizuri zaidi. Vyovyote iwavyo, mkono lazima uende kidevuni.

Kundi la pili limejibu kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuushusha wenzo hadi bomba la chini, vidole viufikie bila kiganja kuachia. Ya pili ni ya meno: rubani anauma uzi mfupi muda wote wa kuvutwa, na akifungua mdomo tu kamba inaondoka. Hiyo ya meno huchekesha watu mpaka waifikirie vizuri.

Wapinzani wana hoja, na si za kupuuza. Mfumo wa meno hufyatuka mtu akipiga chafya au akitaka kumjibu mtu kwenye redio, na kuachiwa ghafla mita 10 kutoka ardhini, pua ikiwa juu, ni ajali nyingine inayojitegemea. Waya za breki huingia vumbi jekundu la barabara zetu, zikanyeshewa, zikashika kutu ndani ya ala, ule mrija unaozifunika, ambako jicho halifiki. Kila kipande kinachoongezwa kina siku yake ya kuharibika. Nazikubali hoja hizi zote kama hoja za ufundi: ala inasafishwa, waya inabadilishwa, meno yanafundishwa. Upungufu wa mkono wa tatu hauna fundi.

Kimbilio la mwisho la kundi la kwanza ni kiungo dhaifu, na hapa ndipo ninapoachana nao kabisa. Sheria ya anga ya Marekani kuhusu kuvuta glaida inataka nguvu ya kamba isipungue asilimia 80 ya uzito wa juu ulioidhinishwa wa glaida wala isizidi mara mbili ya uzito huo. Ikizidi, kiwekwe kiungo dhaifu. Kwa glaida na rubani wenye kilo 140 kwa pamoja, hiyo ni kati ya kilo 112 na 280. Ni nafasi pana, na kazi yake ni kulinda glaida na vyuma visipasuke. Lakini kwa miaka mingi viwanja vya kuvutia hang glaida Marekani vilitumia uzi ule ule mwembamba wa pauni 130, kama kilo 59, uliofungwa kitanzi, kwa rubani mwembamba na kwa pande la mtu vile vile. Ulikatika mara kwa mara, na watu wakauona huo ndio usalama.

Fikiria winchi nzuri inavyofanya kazi. Imetengenezwa ili mvuto usizidi kiwango kilichowekwa. Kamba ikikaza, ngoma inalegeza. Maana yake glaida inaweza kugeuzwa hadi kubiduka huku mvuto ukiwa wa kawaida kabisa, na uzi hauna sababu yoyote ya kukatika. Halafu uzi huo huo unakatika siku ambayo hukuuhitaji, wakati rubani anapanda kwa pembe kali juu ya viazi vya watu, na anabaki hewani bila kasi. Kiungo dhaifu kiwepo, kipimwe kwa uzito wa rubani husika, kibadilishwe kabla hakijachakaa. Kukihesabu kama kifaa cha kuachia ni kujidanganya. Kisu nacho kiwepo, hasa kwa anayevutwa juu ya maji. Ila mtu anayeniambia atakichomoa, ataitafuta kamba na kuikata akiwa mita 30 juu na bawa limesimama wima, huyo hajajaribu hata akiwa amening'inia gereji.

Paraglaida ni kisa tofauti, na hapa ndipo ubishi wa Marekani ukibebwa mzima mzima unatupotosha. Rubani wake ameketi wima au kusimama kwenye mikanda. Mikono imeshika vishikio vya breki, yaani kamba za kuongozea bawa, na kifaa kiko kifuani, katikati ya mikanda miwili inayopanda kwenda kwenye bawa. Mkono unaweza kufika pale na breki ikiwa bado kiganjani. Kuna jambo ambalo wanafunzi hawaambiwi vya kutosha: mkono ukishuka kifuani na breki, upande huo unapigwa breki. Glaida ikiinama kushoto, mkono wa kulia ukishuka unasaidia kuinyoosha. Wa kushoto ukishuka unaizidishia. Kwa hiyo kishikio kifikike kwa mkono wowote, na mazoezi yafanywe kwa yote miwili, kwa sababu hatari haimuulizi mtu anatumia mkono gani kulia chakula.

Kwa kazi hiyo sijaona kinachozishinda pete tatu, mfumo ambao Bill Booth aliubuni kwa ajili ya parashuti katika miaka ya 1970. Ushike mkononi uutazame. Pete ya kati inapita ndani ya pete kubwa na kukunjwa nyuma. Pete ndogo inapita ndani ya ile ya kati na kukunjwa vile vile. Juu ya pete ndogo kinapita kitanzi cha uzi, kinatokeza kwenye tundu upande wa pili wa utepe, na ndani ya kitanzi inachomekwa waya laini. Kila pete ni wenzo unaopunguza mzigo, kiasi kwamba mvuto unaoweza kumnyanyua mtu unafika kwenye kitanzi ukiwa mzigo ambao uzi mwembamba unaumudu. Ukivuta waya, kitanzi kinaachwa, pete zinapinduka moja baada ya nyingine na kamba inaondoka hata kama imekaza. Hakuna springi, hakuna ala ya kuziba vumbi.

Udhaifu wake uko kwenye ushonaji. Kitanzi kikirefuka kidogo tu, pete ndogo inalala vibaya na ule upunguzaji wa mzigo unapotea. Hapo linakuja swali la Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma Kampala. Mafundi wa Katwe wanachomelea winchi ya kueleweka, na mabano, na ngoma ya kamba. Sina wasiwasi nao kwa chuma. Ila nimesikia watu wakipanga kushona pete tatu kwa mikanda ya magari ya mitumba kutoka soko la Owino, na hapo nasema hapana. Mkanda ulioliwa na jua la miaka kumi haujulikani nguvu zake, na pete za chuma cha kawaida hupinda zikabana. Chuma kitoke Katwe, utepe na pete zitoke kwa mtengenezaji wa vifaa vya kuruka.

Kwa paraglaida, fedha inayobaki ningeipeleka kwa mwendesha winchi. Yeye ndiye kifaa cha kuachia kilicho upande wa pili wa kamba: anaweza kuondoa mvuto kabla rubani hajaamua, na winchi yake lazima iwe na kisu cha kuikata kamba papo hapo. Ukanda wa Soroti uko kama mita 1,100 juu ya bahari. Siku ya joto la nyuzi 30, hewa pale ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, na glaida inahitaji kasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 10 ili ibebwe. Rubani anakimbia zaidi kabla ya kunyanyuka na makosa yanafika mapema, kwa hiyo mwendesha winchi aliyejifunza ufukweni Ulaya itabidi ajifunze upya. Halafu Soroti ina chuo cha urubani tangu 1971 na ndege za wanafunzi angani, kwa hiyo bila kibali cha mamlaka ya anga hakuna kamba itakayopanda hata mita moja.

Kabla ya yote hayo kuna jaribio lisilohitaji kibali. Tundika magunia yenye uzito unaolingana na mvuto wa winchi kwenye tawi la mwembe, kifaa kikiwa katikati, na ufyatue kupitia mizani ya springi, ile ya kupimia samaki, usome kilo zilizohitajika. Rudia mzigo ukivutwa kwa pembeni. Rudia kifaa kikiwa kimepakwa vumbi na kumwagiwa maji. Kwa hang glaida, fremu nayo itundikwe na rubani ndani yake, afyatue huku mtu mwingine akiisukuma fremu upande. Kifaa kinachodai nguvu zote za mkono kwenye gunia lililotulia kishushwe na kubaki chini, hata kama kimetoka Ujerumani na lebo yake bado inang'aa.