Hamsini, Arubaini na Herufi za Nyuma ya Kidumu

Ukifungua mlango wa dereva wa pikapu yangu utakuta kikaratasi kilichobandikwa Japani. Maandishi siyajui, tarakimu nazisoma: 24, mwezi na siku, kilomita, na chini kabisa 10W-30, yaani uzito wa oili. Hiyo 24 ilinisumbua mpaka nilipoambiwa ni mwaka wa Heisei, hesabu ya kwao, yaani 2012. Basi fundi wa mwisho aliyeimwaga oili Hilux hii kabla haijapanda meli alitia 10W-30. Fundi wa kwanza kuishika hapa Wete alikitazama kikaratasi kile akacheka.

"Mwanangu, hiyo ya kwao kwenye theluji. Huku jua kali. Tia hamsini."

Hamsini ni 20W-50, na kwa gereji nyingi za hapa ndiyo jibu kabla hujamaliza swali. Hoja yenyewe inaingia akilini: jua kali, oili nyepesi inageuka maji, kwa hiyo tia nzito. Nikaifuata miaka miwili.

Nusu ya hoja ile ni kweli. Namba ya kwanza, ile yenye W, ni ya baridi. Inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa haijapata moto. Mtu wa Sapporo, kule Japani kwenye theluji, anaihitaji, sisi ambao alfajiri yetu haitutoi hata koti hatuna haja ya kuilipia. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100, na hapo ndipo jua la Pemba linapopoteza nguvu. Injini ikishapata moto, thamostati, kifaa cha kudhibiti joto, inalishikilia joto la maji yake karibu mahali pamoja, uwe Konde au uwe kwenye barafu. Beringi za krenki hazijui kama nje kuna mikarafuu. Uzito unaamuliwa zaidi na nafasi aliyoiacha mtengenezaji baina ya chuma na chuma.

Injini yangu Toyota wameipa jina 5L, dizeli isiyo na turbo (feni ya kusukumia hewa injini), ya ukubwa wa cc 2,986, injini ya enzi ambayo vyuma vilikuwa vinene na vipuri vinapatikana hata dukani kwa muuza misumari. Sisemi hamsini ni sumu kwa injini ya aina hii. Kwenye nchi za joto zimeishi nayo muda mrefu. Lakini niliona asubuhi nikiwasha taa ya oili inakawia kuzimika, na kule juu, kwenye kamshafti, chuma kinasaga chuma huku oili inajikokota. Sekunde hizo za asubuhi ndizo zinazokula injini, kuliko safari nzima ya Mkoani. Nikahamia 15W-40, taa ikawa inazimika mara moja.

Kinachoniudhi ni kuwa fundi yule yule alimtia hamsini ile ile jirani yangu, mwenye Hilux ya D-4D, dizeli ya kisasa zaidi. Ile ni injini nyengine kabisa. Ina turbo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na mhimili wake unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Zile za karibuni zenye chujio la moshi kwenye bomba zinataka hata oili ya majivu machache, ama chujio linaziba. Hapo kitabu cha gari kifunguliwe, na kama ni cha Kijapani atafutwe kijana mwenye simu akitafsiri.

Haya, lakini kubishana arubaini na hamsini ni mambo madogo, na hili nimelijua kwa gharama.

Msimu mmoja wa karafuu nilikuwa nimepakia magunia ya makonyo, vikonyo vya karafuu, na watu wanne juu yake, napanda kilima njia ya zamani ya Chake. Gia ya pili. Taa ya oili ikawaka. Nikazima, nikasimama, abiria wakashuka wakinung'unika. Nikavuta kijiti cha kupimia: oili imo, imefika mstari wa juu. Nikaisugua baina ya kidole gumba na cha shahada. Haikuwa na utelezi. Ilikuwa kama mafuta ya taa yaliyotiwa rangi, na harufu yake ilikuwa ya kuungua. Oili hiyo nilikuwa nimeinunua wiki tatu nyuma kwenye duka moja, nimeokoa elfu kadhaa, nimefurahi. Mbele ya kidumu imeandikwa 20W-50 kwa herufi kubwa kama jina la skuli.

Niliporudi nyumbani nikakitafuta kidumu. Mke wangu keshakiosha, anakitilia maji. Nyuma yake, kwa maandishi ya kusomea jua la saa sita, nikaona API SF.

Herufi hizi, za vipimo vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, ndizo nazitaka tuzijue. Inayoanza na S ni oili ya injini ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli. Herufi ya pili ikizidi kwenda mbele kwenye alfabeti, kipimo ni kipya zaidi. SF ni ya petroli, na ni ya magari ya miaka ya 1980. Kwa hiyo hata kama oili ile ingekuwa halali, si bandia, isingekuwa ya gari yangu. Dizeli inatoa masizi, na salfa ya mafuta inazaa asidi. Oili ya dizeli imewekewa dawa ya kuyabeba masizi hayo na ya kuua asidi. Kwa 5L natafuta CI-4, kipimo cha 2002, na nikipata CH-4 silalamiki. Kidumu chenye CI-4/SL kinafaa kote kuwili. Kisichokuwa na herufi yoyote nyuma nakirudisha, aseme muuzaji atakalosema.

Na kifuniko pia nakitazama. Vidumu vitupu vina soko lao hapa, na si kila anayevinunua anataka kutilia maji. Pete ya kifuniko ikiwa imekatika, au muhuri wa ndani una gundi, namshukuru muuzaji naondoka. Kidumu cha lita tano hakiitoshi injini hii ya 5L, inabidi uongeze vidogo. Hapo ndipo watu wanapojazia "chochote kilichopo" na kuharibu kazi nzima.

Mengine ni mafupi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku ya pili si ubovu, ndiyo kazi yake, kwa hiyo msiimwage kwa rangi. Mwageni kwa kilomita: mimi 5,000, na filta kila mara, si mara moja kwa mbili. Injini iliyochoka ringi, inayotoa moshi wa buluu, hamsini itaipunguzia ulaji wa oili kwa muda, kama mkongojo. Nami mita yangu ya kilomita ilikufa zamani, basi hizo 5,000 nazikisia kwa tarehe, ninayoiandika kwa kalamu ya rangi ndani ya boneti. Masika, safari zikiwa fupi fupi na unyevu umejaa, siingoji hata miezi minne.

Fundi wangu ni yule yule. Nikimpelekea 15W-40 anakigeuza kidumu, anasoma nyuma, maana nimeshamfundisha. Kisha anasema, "Ungetia hamsini tu." Namwambia, "Ami, fungua nati." Anakinga oili chafu kwenye karai, hamwagi hata tone, anaipeleka kupaka nguzo za banda lake la ng'ombe. Mchwa hawajazigusa tangu mwaka juzi.